Salamu za Mtwara

Mwanangu ni askari. Neno hili sikulitamka mbele ya mtu kwa muda mrefu sana, na leo ninapolitamka silisikii uzito wowote. Ni kama kusema kwamba mwanangu ni mrefu.

Sikusoma shule yoyote. Sala nilifundishwa na mama yangu jikoni, na shule ya Wareno niliiona kwa nje tu. Kwa hiyo maneno haya ni yangu na mkono ni wa mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, ambaye nimemwagiza asiongeze wala asipunguze.

Mwanangu alijiandikisha jeshini tulipokuwa ukimbizini Pemba, ile ya huku Msumbiji. Kabla ya vita alikuwa mvuvi. Jarife lake na chombo chake viliungua siku tuliyoukimbia mji wetu wa Mocímboa, pamoja na nyumba. Kule ukimbizini alikaa chini ya turubai msimu mzima wa mvua akitazama mikono yake, kisha akaja kuniambia kwamba anakwenda kwa matropa, wanajeshi wa serikali. Nilimuuliza kama amekwisha kutoa jina. Akasema amekwisha. Nikamwambia basi, sina la kuongeza. Mkamwana wangu, yaani mkewe, alilia. Mimi nilimkunjia nguo zake.

Tuliporuhusiwa kurudi Mocímboa, yeye alikuwa amekwisha kupelekwa bara, kwenye kambi za ndani ambako simu hazishiki. Tukajenga kwa miti na udongo, juu kidogo ya bandari, pale pale ilipokuwa nyumba ya zamani. Siku tulipohamia niliwakalisha mkamwana na mjukuu, nikawaambia kwamba tangu sasa, kwa yeyote atakayeuliza, mwenye nyumba hii yuko Mtwara, anafanya biashara. Shuleni iwe hivyo, kisimani iwe hivyo, msibani iwe hivyo. Sikueleza sababu, maana walikuwa wanaijua. Katika mtaa wetu kuna nyumba ambazo watoto wao walikwenda kwa matropa, na kuna nyumba ambazo watoto wao walikwenda porini kwa wale wengine, na nyumba zote zinachota maji kisima kimoja. Wale wa porini wakiingia mahali, huuliza kwanza nyumba za askari. Nani atakayewaonyesha, hujui mpaka siku hiyo.

Lakini mtu aliyeko Mtwara huleta vitu. Wanawake wa mtaa hawaulizi, hutazama. Hutazama sabuni uliyofulia, hutazama majani ya chai unayowawekea wageni, na mke wa mfanyabiashara akivaa kanga iliyopauka sikukuu mbili mfululizo, wanajua. Ikabidi nitafute vitu vya Tanzania ili nivionyeshe kama vimetoka kwa mwanangu. Na hapa akili yangu haikufanya kazi, kwa sababu vitu hivyo nilivinunua kwa mwanamke anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu.

Mwanamke huyo ni mfanyabiashara wa kweli. Baba yake alitoka Lindi akaoa hapa. Yeye huvuka mto Ruvuma pale Namoto, huenda Mtwara, hurudi na sabuni za mche, chai, kanga na vyombo vya plastiki. Nilikuwa nikimtuma mjukuu anunue kwake alasiri, kisha asubuhi naviweka barazani na kuwaambia watu kwamba mwanangu ameleta. Siku moja nilimwambia hivyo yeye mwenyewe, aliyeniuzia. Aliuchukua mche wa sabuni, akaunusa, akaurudisha mahali pake.

"Sabuni nzuri, mama," akasema. "Mwanao anajua kuchagua."

Nilingoja aende kusema. Hakusema. Aliporudi safari iliyofuata alikuja moja kwa moja kwetu, tumekaa na majirani tunapukuchua mahindi, akasimama mlangoni na mzigo wake.

"Mama, salamu zako nyingi. Mwanao nimemwona sokoni Mtwara. Amenenepa mpaka shati halifungi."

Nilimtazama. Uso wake haukuwa na kitu. Nikajibu alhamdulillahi, nikamuuliza alikuwa na nani.

"Na mizigo yake. Mke mwingine sijamwona, kama ndilo unaloulizia."

Wanawake wakacheka. Mkamwana wangu hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Atampata wapi, wifi," akasema, "na mkoromo ule?" Wakacheka tena, na mimi nikaendelea kupukuchua.

Tangu siku hiyo mwanangu akaanza kuishi Mtwara. Kila safari yule jirani alirudi na habari zake. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya msikiti. Alikuwa anauza mabeseni. Aligombana na mwenye nyumba kwa sababu ya mbuzi aliyekula mkeka wake. Jino la mwisho lilimsumbua mpaka likang'olewa, uso ukavimba, akawa anauza huku amejifunga kitambaa shavuni. Mkamwana akawa anamngoja jirani huyo kwa hamu iliyo wazi, akimuuliza kama jino limepona. Jirani alimjibu kwamba limepona, ila mumewe sasa anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee, na mkamwana akacheka mpaka akafuta macho. Alijua kama nilivyojua kwamba hakuna jino. Sisemi kwamba habari hizo zilinifariji. Zilikuwa zinasemwa, nami nilikuwa nimekaa.

Yule wa kweli, mwanzoni, alikuwa akipiga simu kila aliposhuka mahali penye mtandao. Kisha simu zikaacha. Mvua zikanyesha, zikaisha, mihogo ikang'olewa, hakupiga. Mkamwana aliifunga simu kwenye pindo la kanga, akaenda nayo shambani, kisimani na chooni. Alikonda. Alikuwa anataka kujua jambo moja tu, kama mumewe yu hai. Nami nilitaka kujua, bila shaka, kwa kuwa ni mwanangu. Ila kutaka kwenyewe sikukusikia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Ndipo ikatangazwa sokoni kwa kipaza sauti kwamba familia za askari wafike kambini, ile kambi iliyo karibu na bandari, Alhamisi moja ya kila mwezi. Watapewa mchele na mafuta, atakuwepo mtu wa kuzungumza na wenye mashaka, na palipo na uwezekano wataunganishwa na watu wao kwa simu ya jeshi. Mkamwana alirudi kutoka sokoni bila kununua alichotumwa. Akanieleza yote hayo akiwa amesimama.

Nilikataa. Lango la kambi linaitazama njia ya bandari, na kila anayeshusha samaki anaona nani amepanga foleni. Nilimwambia kwamba mchele utakwisha, lakini waliotuona hawatasahau.

"Mama," akasema, "sitaki mchele."

Akaenda kuchukua ndoo.

Sijui jirani alielewaje. Labda mkamwana alimwambia. Labda kuta zetu ni za udongo tu. Alhamisi ilipofika alikuja asubuhi na mabeseni mawili yaliyofunikwa, akanieleza kwamba siku hiyo anauza vitumbua kambini, na msichana anayemsaidia ana homa. Anatafuta wa kumbebea beseni la pili.

"Nataka mtu mzima," akasema. "Vijana wanakula njiani."

Katika maisha yangu sikuwahi kuuza kitu kwa kutembeza. Mama yangu hakuuza, na mabinti zangu sikuwaruhusu. Nilijitanda kanga, nikaweka kata kichwani, na beseni juu yake. Mkamwana alitaka kuja. Nikamwambia wauza vitumbua wawili wanatosha. Tukapita njia ya bandari mchana kweupe. Mtu mmoja wa samaki akaniita, akaniuliza tangu lini mama mzima anatembeza vitumbua. Jirani akamjibu kwa niaba yangu kwamba tangu wanaume waache kulisha mama zao, na kama anaona huruma anunue. Alinunua.

Langoni askari akafunua kitambaa, akatazama, akatupisha. Ndani familia zilikuwa zimekaa kwenye mabenchi chini ya paa la bati. Kwenye benchi la nyuma alikaa mzee mmoja wa msikiti wetu, ambaye miaka yote hii alikuwa akituambia kwamba mwanawe yuko Nampula anasomea dini. Kofia yake ilikuwa juu ya goti. Alinitazama, nikamtazama. Akaninunulia kitumbua, akakila chote, akajifuta vidole. Hatujawahi kulizungumza.

Aliyekuwa mezani ni sarjenti, kijana kutoka kusini, asiyejua lugha yetu. Askari mmoja wa Palma alikuwa akitufasiria. Sarjenti aliniita vovo, wanavyowaita bibi zao, akadhani nimekuja kumuuzia. Nikaliweka beseni chini. Nikasema kwamba mimi ni mama wa askari, nikataja jina la mwanangu na la baba yake. Hilo ndilo lilikuwa neno lenyewe, na limetoka. Jirani yangu alikuwa amewageukia watu wengine, anauza kwa sauti kubwa.

Sarjenti akaongea na simu yake muda mrefu, akasema ningoje. Wakati nangoja alikuja mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akakaa karibu yangu. Ndiye aliyewekwa kwa ajili ya wenye mashaka. Kwa kupitia yule wa Palma akaniuliza ninalalaje. Nikamjibu kwamba ninalala ubavu wa kulia. Akaniuliza kama kuna jambo ninalolifikiria sana. Nikafikiri, nikamwambia hapana. Hakunicheka wala hakunishurutisha. Alikaa tu pale nilipokuwa nimekaa, na sikuona vibaya kwamba alikaa.

Kisha nikapewa simu.

"Mama?"

"Ndimi."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Unakula?"

"Nakula."

Ilikuwa sauti yake, nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nilijua kwamba yapo mambo mengi ya kumwambia, nikayatafuta, na la kwanza lililonijia ndilo nililolisema.

"Na jino limepona?"

Simu ikakwaruza.

"Jino gani, mama?"

Nikasimama na ile simu sikioni. Nikaelewa kwamba kwa muda wote huo nilikuwa mama wa mtu anayeuza mabeseni Mtwara, na kwamba huyu wa bara, mwenye sauti hii, nilikuwa nimemwacha mahali fulani nyuma, bila hata kuona kwamba nimemwacha. Nilimwambia basi, si kitu. Akaanza kusema, "Mwambieni," na simu ikakatika hapo. Sarjenti akajaribu tena na tena, kisha akaniambia kwa mikono kwamba imeshindikana. Nikambariki, nikachukua beseni langu. Mchele sikuuchukua.

Mkamwana alikuwa mlangoni. Nilimsubirisha mpaka nimeingia ndani na kutua beseni.

"Yu hai," nikamwambia.

Alikaa pale pale aliposimama, kwenye udongo. Hakulia. Baadaye akaniuliza mumewe amesema nini juu yake.

"Hakusema. Alianza neno, simu ikakatika."

Ningeweza kumtungia salamu. Lakini mtaani petu palikuwa na mtu wa kazi hiyo, na aliifanya vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Mtu huyo alikuwa ameingia nyuma yangu, na alipomwona mkamwana amekaa vile akaanza kwa sauti yake ya siku zote, "Lakini wifi, kule Mtwara safari hii—"

"Dada," mkamwana akasema, "nyamaza kwanza."

Hakusema kwa hasira. Aliinua mkono, akamshika jirani yule kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu, akabaki amekishika. "Ahsante," akasema. "Allah akulipe. Lakini nyamaza kwanza." Jirani akakaa chini naye.

Tulipobaki wenyewe mkamwana akaniambia, "Mwezi ujao nitakwenda mimi, mama. Sitabeba beseni."

Nyumbani kwangu nikisema hapana, huwa ni hapana. Maneno ya kumkatalia nilikuwa nayo, yale yale ya mwanzo, na yalikuwa ya kweli kama yalivyokuwa. Nilingoja yatoke. Nikajisikia nikimwambia awahi, kabla jua halijawa kali.

Alikwenda. Alipanga foleni upande wa njia, katikati ya watu, amevaa kanga safi. Alirudi na kiroba cha mchele kichwani, akapita penye wanaoshusha samaki, akapita kisimani. Mimi nilikuwa barazani nikimtazama akija. Kisimani alikuwepo bibi mmoja ambaye watu husema mjukuu wake yuko porini. Mkamwana akamsalimia. Bibi yule akaisogeza ndoo yake ili mwenye mzigo apite, akaitikia salamu kama anavyoitikia siku zote. Nilitafuta hofu ndani yangu. Sikuipata, na kukosa hofu si sawa na kuwa salama, hilo nalijua. Mpaka leo hakuna aliyetujia. Kama ni kwa sababu walikuwa wanajua siku zote, au wametuhurumia, au wanangoja, sijui.

Mkamwana alisimama mbele yangu na kiroba bado kichwani, akaanza kusema kabla hajakitua. Simu ilishika vizuri. Mumewe amemuuliza habari zake, amemuuliza kama binti anakwenda shule, amesema mahali walipo wanahama, wanaingia ndani zaidi, na likizo msimu huu hatapata. Ameagiza tusimngoje kabla ya mvua zijazo. Mkamwana alisema yote hayo kwa sauti yake ya kawaida, mlango ukiwa wazi na watu wakipita njiani.

Nilisimama, nikamsaidia kukitua. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikamwambia akiweke juu ya uchaga, panya wasikifikie, nikaenda kutia udhu, maana adhuhuri ilikuwa imekwisha kuingia.