Mara ya Kwanza Ulisema Wane

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na nikikuangalia weye na hiyo tableti yako ndipo naikumbuka zaidi. Jana kwenye kambi ya wakimbizi nilikusikia, weye msikilizaji wetu mpya, ukimwambia mama mmoja, "Rudilia tena, mama, mashini ilizima." Arudilie nini? Namna walivyomuua mume wake? Sikutaka kukugombeza mbele ya watu. Leo tuko wawili, kaa hapo.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko weye. Nilikuwa kijana, chama chetu cha kusaidia walioumizwa na vita kilikuwa na chumba kimoja tu hapa Bunia, nami nilipewa kazi ya msikilizaji. Cheo hicho kilinipanda kichwani. Nilitembea na bik nne za kuandikia mfukoni! Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kututembelea, na nilitaka kila fishi, ile karatasi ya maswali, ijae mpaka chini.

Mama Esperance, mkimbizi wa kutoka upande wa Gety, alikuwa ameshanieleza habari yake yote. Fishi yake nikaiacha ikalowa mvua kwenye pikipiki. Basi nikamwita aanze upya. Uzembe wangu, mateso yake. Nikamuuliza alipoteza watu wangapi.

"Watano," akasema.

"Mama, mara ya kwanza ulisema wane. Tuandike gani?"

Alikaza kitenge chake, akatoka.

Koko Yuliana, bibi aliyetupikia, alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Hakupandisha sauti.

"Weye mutu wa masomo, kwenu hamuendake kwa kilio? Kwa kilio nani anauliza mufiwa hesabu? Watu wanaingia, wanakaa, wanapasua kuni, wanachota maji. Akitaka kusema, atasema. Ule wa tano alikuwa mu tumbo yake. Mimba ilitoka wiki iliyopita. Mama yake aliniambia leo asubuhi tukichambua sombe, na mimi sikumuuliza kitu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimemsahihisha mzazi. Nilitaka ardhi ipasuke.

Juma zima Mama Esperance hakurudi kwetu, hata dawa tulizokuwa tukimpa hakuja kuchukua. Koko akanituma kwake mikono mitupu. Nilipasua kuni. Nilichota maji. Siku mbili hakuniangalia usoni, na nilistahili. Siku ya tatu akanisogezea kiti, akasema, "Alikuwa mutoto mwanamuke. Nilitaka kumuita Neema. Sasa unaweza kuandika."

Sikuwa na bik hata moja, mwanangu. Tukakaa tu, yeye akilia, mimi nikilia. Kesho yake alikuja kuchukua dawa.

Sasa unanichosha, kwa sababu haya nimewaeleza wote waliokutangulia na bado mnakimbilia mashini. Sikia basi. Mtu akikupa uchungu wake mara moja, uutunze. Ukiupoteza, hasara ni yako, usimrudishe yeye kule porini kuutafuta. Usimsahihishe. Nafasi ya fishi ikibaki wazi, acha ibaki wazi, wakubwa wakigomba waje kwangu. Na kesho asubuhi utarudi kwa yule mama wa jana, utamchotea maji, utafunga kinywa.

Mungu akupe masikio, mwanangu, akupe na mikono isiyoogopa shoka. Ndoo iko pale nyuma ya mlango. Tableti iache hapa kwa meza yangu.