Jiwe la Mama la Kusagia

Baba yangu ni mchungaji na mimi ni binti yake wa pekee, kwa hiyo kila hubiri nalisikia mara tatu: Ijumaa analijaribia zizini mbele ya ng'ombe, Jumamosi tukiwa tunakula, na Jumapili lenyewe. Ng'ombe ndio wasikilizaji bora kuliko sisi sote. Hawasinzii, na hawatoki nje kwenda kukojoa wakati wa sala ndefu.

Hubiri la kuhama nililisikia mpaka nikaliota. Serikali ilikuwa imesema tutoke kwenye matembe yetu ya paa la udongo yaliyotawanyika, kila mtu na zizi lake, twende kukaa pamoja kijijini, kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba, kando ya barabara ya kwenda Mtinko. Mwenyekiti alikuja nyumbani, akakalia kigoda cha wageni na kumwambia baba, "Mchungaji, watu hawa wanakusikia wewe. Mimi wananiitikia tu."

Basi baba akahubiri. Alihubiri habari za mzee mmoja wa zamani sana, aliyeambiwa na Mungu aiache nchi ya baba yake, naye akafunga mizigo bila maswali. Jumamosi nilimwuliza kama huyo mzee naye alitumiwa mgambo. Siku hiyo nilinyimwa mlenda, nikala ugali mkavu kama mfungwa.

Wagumu walikuwa wazee, na neno lao lilikuwa moja: makaburi. Kwetu mtu anazikwa nyumbani kwake, karibu na zizi, bila saruji wala maandishi. Wenye nyumba wanajua alipo, basi. Mzee jirani yetu, ambaye namwita babu ingawa hatuna damu moja, alisimama kanisani hubiri likiwa katikati.

"Mchungaji, mwanangu, baba yangu amelala pale mlangoni pangu. Nikihama, asubuhi nani atamsemesha?"

"Mzee, baba yako hayuko pale," baba akajibu. "Pale pana udongo tu."

"Udongo tu?"

"Udongo tu, mzee."

Babu akafikiri kidogo. "Mbona miaka yote hii ninausalimu na sijawa kichaa?"

Kanisa zima likacheka. Mimi nilicheka mpaka mama mmoja wa kwaya akanifinya. Baba hakucheka. Alirudia mara ya tatu, kwa sauti ya upole inayonitisha kuliko ukali wake, na babu akakaa. Wiki ile ile alihama, wa kwanza miongoni mwa wazee. Aling'oa kila mti wa tembe lake isipokuwa nguzo moja ya mlango. Hiyo aliiacha imesimama peke yake, kama mtu aliyesahauliwa na lori.

Na sisi tulikuwa na kaburi letu. Mama alifariki masika mawili kabla ya hapo, akazikwa kati ya zizi na ua wa minyaa. Baada ya mazishi wanawake walilibeba jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini, wakaliweka juu yake kifudifudi, kama wanavyofanyiwa wanawake wa kwetu. Hakukuwa na alama nyingine. Tangu hapo nilikuwa nasagia mtama kwa bibi, mke wa babu, ambaye jiwe lake lina shimo katikati kama bakuli na linakupa unga wenye mchanga. Wao walipohama, nikabaki sina hata hilo.

Siku yetu ya kuhama baba alikuwa kanisani, akisimamia ung'oaji wa mabenchi. Lori lilifika nyumbani likiwa na mgambo wawili wenye haraka, na mimi ndiye nikawa bosi. Hiki pakia, kile acha. Vyombo, vitanda na kuku vilipoisha, nikaliangalia lile jiwe.

Niseme ukweli, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na mtama. Kijijini tulikuwa tumeahidiwa mashine ya kusaga, na mashine hiyo ilikuwa njiani. Leo naandika haya bado iko njiani, nadhani inakuja kwa miguu. Halafu, si mchungaji mwenyewe alisema? Pana udongo tu. Udongo una haja gani na jiwe?

"Na hili?" mgambo akauliza.

"Na hilo," nikasema.

Wakalinyanyua wawili wakiguna. Kisha wakaliangusha tembe, udongo wa paa ukamwagika kila upande, ng'ombe wakapita juu, tukaondoka.

Baba haingii jikoni. Mchungaji au si mchungaji, mwanamume wa kwetu haingii jikoni. Kwa hiyo msimu mzima alikula ugali wa jiwe lile bila kujua. Jioni moja alimega tonge, akalitafuna polepole, akasema, "Siku hizi unasaga kama mama yako." Nina jibu la kila kitu mimi, muulize mwalimu yeyote. Siku hiyo nilimwongezea mlenda tu.

Kijijini baba alianza kunyamaza. Ijumaa alikwenda zizini na ng'ombe hawakuambiwa kitu. Mvua zilipoelekea kwisha, Jumamosi moja asubuhi alisema, "Jiandae. Twende tukamsalimie mama yako."

Njiani tulimkuta babu, ambaye kumbe kila wiki hurudi kwenye mahame yake, pale alipohama. Tukaongozana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mbona leo umefunga mdomo? Umekataa kuolewa na mimi?"

"Mahari hujatoa, babu." Nilijibu kwa mazoea tu. Hata yeye aliona haikuwa na chumvi.

Tulipofika hatukuona nyumbani. Tuliona uwele. Ardhi ya mahame ina mbolea, kijiji kilikuwa kimeng'oa minyaa na kulima shamba la pamoja mule mote, na mashuke yalimpita baba kichwa. Nguzo ya babu ilichomoza katikati, naye akaenda moja kwa moja hadi pale, akainama, akaanza kuongea kwa Kinyaturu kama mtu aliyekuta mwenzake anaota moto.

Baba aliingia kwenye uwele kutafuta jiwe. Alikwenda mstari kwa mstari akigonga chini kwa fimbo. Alirudi, akaanza tena. Jua likapanda.

"Jiwe halitembei," alisema, si kwangu hasa.

Mara ya tatu aliinama akapapasa kwa mikono, na nikaona mgongo wa koti lake umelowa jasho. Nikashindwa.

"Baba. Jiwe lipo jikoni."

Aligeuka taratibu. "Jikoni gani?"

"Kwetu. Nililipakia siku ya lori."

"Kwa hiyo unga wote ule..."

"Ndiyo, Baba." Halafu, kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa, nikaongeza, "Ulisema pana udongo tu."

Nilingoja kofi. Halikuja. Babu alikuwa amefika nyuma yetu na amesikia yote, na ilikuwa zamu yake ya kucheka mbele ya watu. Hakucheka.

"Zizi lilikuwa pale ambapo uwele ni mrefu na mweusi," alisema. "Samadi haidanganyi. Basi yeye yuko kati ya pale na hapa tuliposimama. Zaidi ya hapo, mwanangu, sijui."

Baba aliutazama ule uwele mrefu, akatazama miguu yake. Akavua viatu. Akanyanyua mguu mmoja, akawa hajui aushushe wapi. Mtu aliyeliambia kanisa zima kwamba pana udongo tu alisimama pale kwa mguu mmoja, viatu mkononi, akiogopa kukanyaga. Babu ndiye aliyemshika kiwiko akamtoa.

"Nisamehe, mzee," baba alimwambia walipofika njiani.

"Vaa viatu," babu akasema. "Kuna miiba."

Jioni ile baba hakula. Nilimwuliza kama turudishe jiwe. Akaniuliza, "Tuliweke wapi?" Basi liko jikoni, na ninalisagia, kwa sababu mtama haujisagi.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiwe nilipoona kivuli mlangoni. Baba alikuwa amesimama kizingitini, hajaingia, kofia mkononi.

"Umeamkaje?" akasema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye jiwe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Wewe subiri kwanza."

Nikaondoa mikono kwenye jiwe, nikasubiri. Sasa ni kila asubuhi.