Wa Kubaki na Chombo

Juzi upepo wa hapa Same, ambao haujui kupumzika, ulivunja jani moja la mpapai uani kwangu. Nililiokota ili nilitupe. Utomvu mweupe ukanichuruzika vidoleni, na ile harufu yake kali ya ubichi ilipopanda puani nikasahau nilichokuwa nakwenda kufanya. Nikalikata bua, nikalipuliza. Lilikuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Tangu saa hiyo sijatulia. Nimekaa barazani, nimesimama, nimeizunguka nyumba, nimerudi. Afadhali niwasimulieni.

Mwaka ule watu walipotembea juu ya mwezi, mimi na rafiki yangu Zefania tulikuwa darasa la saba kule Vudee, milimani. Habari tuliisikia kwenye redio ya mwalimu wetu wa sayansi, ambaye betri zake alizianika juani juu ya jiwe kama mtu anayeanika maharage. Redio ilikwaruza, ikanong'ona, ikakwaruza tena, nasi tumebanana dirishani, kila mmoja akipumulia shingo ya mwenzake. Watu wazima hawakuamini. Mzee Kajiru, aliyesimamia maji ya kijiji, aliutazama mwezi jioni ile kwa makini, kisha akatangaza, "Nimeuangalia wote. Hauna hata unyayo."

Zefania hakulala vizuri tena. Alifungua daftari la maswali, na kila asubuhi alikuwa na mapya. Mtu akipiga chafya ndani ya kofia ile ya kioo, anajifutaje? Huko juu wanahitaji wapishi? Mtu wa Upare akitaka kazi hiyo, anaomba wapi? Mwalimu alijibu aliyoyaweza, na yaliyomshinda alisema, "Liandike, nikishuka Same nitauliza." Siku mwalimu mkuu alipotutaka tuandike kazi tutakazofanya, darasa zima tuliandika ualimu, uganga na ubwana shamba. Zefania aliandika kwamba ataendesha chombo cha angani.

"Taifa linataka wakulima bora," mwalimu mkuu alimwambia.

"Ndiyo, Mwalimu. Nikirudi nitalima."

Tulicheka mpaka madawati yakatikisika. Yeye hakucheka. Hakuwa amefanya mzaha.

Kilichotuponza ni mwalimu wa sayansi kutuambia kwamba watu wale hujizoeza ndani ya maji, kwa kuwa mtu aliyefungwa uzito wa kutosha haelei wala hazami, anakuwa kama hana uzito kabisa. Sasa Vudee maji ya kina yako wapi kama si kwenye ndiva? Ndiva yetu ilikuwa bwawa la udongo walilochimba mababu mteremkoni. Maji ya kijito yalijaa humo usiku, na asubuhi mwenye zamu alizibua tundu lililo chini ya ukuta, akayaongoza kwa mfereji hadi shambani kwake. Jumapili hakuna aliyemwagilia. Ndiva ilishinda imejaa, ikisubiri mwenye zamu ya Jumatatu.

Tuligawana kazi. Mwalimu alikuwa ametueleza kuwa waliokwenda walikuwa watatu: wawili walishuka mwezini, mmoja akabaki na chombo, akizunguka peke yake. Kwa kuwa mimi sikujua kuogelea, Zefania alinipa nafasi ya huyo wa tatu. Nilinuna. Nani anataka kwenda safari yote ile halafu asikanyage?

"Huyo ndiye mwenye kazi kubwa," Zefania alinibembeleza. "Akiondoka, wenzake wanazeekea kule."

Basi Jumapili moja tulitoroka ibada. Nilichukua kamba ya katani ya mjomba wangu, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko chini, nikamfunga Zefania kiunoni. Kiroba cha mawe alikivaa shingoni. Mdomoni aliuma bua la jani la mpapai ili apumulie. Kutoka kanisani tulisikia watu wakiimba. Alinipungia mkono kama mtu anayepanda basi, akazama.

Niliona ncha ya bua imesimama juu ya maji, ikitetemeka kidogo. Nikahesabu. Nilipofika arobaini, bua likalala, likaelea lenyewe.

Nilivuta kamba. Haikuja. Nikavuta tena mpaka viganja vikachubuka, nikaita jina lake, nikaitupa kamba na kukimbilia chini ya ukuta. Kizibo kilikuwa gogo lililokandikwa kwa udongo na majani. Nilikipiga kwa jiwe, mara ya tatu kikaruka, na maji yakatoka kwa ngurumo, yakanibwaga. Nilipoinuka nilimwona Zefania juu ya ukuta, hana kiroba wala kamba, anakohoa na kucheka kwa pamoja.

"Umezibua?"

"Nilidhani umekufa!"

"Kumbe hukuniacha," alisema, na uso wake ulifurahi kweli.

Kuziba tukashindwa. Tulisukuma udongo, majani, hata mashati yetu, maji yakayatapika yote. Mfereji ulijaa, ukafurika, na yote yakaishia korongoni. Ibada ilipokwisha tulitimka, kila mtu njia yake.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka kamba. Mjomba angeiulizia. Nilirudi nikinyatia. Ilikuwa palepale ukingoni, na kando yake, juu ya jiwe, daftari la Zefania lenye jina lake kwenye jalada. Nilichukua kamba. Daftari nililiona. Nilijiambia kwamba nikikutwa nalo nitaulizwa, na miguu ikaniondoa.

Jumatatu pembe ya msaragambo, ya kuita kijiji kwenye kazi ya pamoja, ililia, tukakusanyika ukutani, wakubwa kwa wanafunzi, na majembe yetu. Zamu ilikuwa ya Mama Nakijwa, mjane, ambaye mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele, na zamu nyingine angeisubiri majuma mawili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mahindi yangu hayana habari na mwezi."

Mzee Kajiru aliinua daftari. "Zefania. Hili ni lako?"

"Shikamoo, Mzee. Ni langu."

"Marahaba. Ulikuwa na nani?"

Zefania aliliangalia daftari, akaangalia mikono ya mzee iliyokuwa mitupu mbali na daftari hilo, kisha akaniangalia mimi. Muda mfupi tu.

"Peke yangu."

Nilikuwa nimeshika jembe. Nakumbuka mpini wake ulikuwa na kovu la moto karibu na mkono wangu wa kulia. Nililitazama kovu lile mpaka kikao kikaisha.

Waliamua kwamba Zefania atafungua na kufunga ndiva kila siku hadi mavuno. Hesabu tulifundishwa kipindi cha kwanza, naye saa hiyo alikuwa kwenye tope. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipotoka, langu lilikuwamo. Aliyenibebea sanduku hadi barabarani ni Zefania. "Ukikuta kitabu cha anga, nitumie," alisema. Shuleni nilivikuta viwili. Sikutuma hata kimoja, maana ningelazimika kuandika na barua.

Niliyoyaelewa ukubwani ni haya, na ndiyo yanayonizungusha nyumba. Nilizibua ndiva ili kumwokoa mtu. Ningesimama Jumatatu ile nikasema hivyo tu, pengine hata Mama Nakijwa angetusamehe. Nilikuwa na ukweli usio na aibu, nikauficha, ukageuka wizi wa maji, na wizi huo nikamwachia mwingine.

Mwaka jana nilipanda Vudee kwenye msiba. Nilimkuta Zefania ndivani, udongo hadi viwikoni, anaziba maji ya jioni. Nilimweleza yote, nimesimama na viatu vyangu vya mjini. Aliendelea kukandika.

"Ile kamba ya mjomba wako," akasema hatimaye, "ilikuwa kamba nzuri. Uliifanyia nini?"

Miaka yote hiyo alijua kwamba nilirudi. Siku ile daftari lilikuja kikaoni bila kamba, na kamba ilikuwa na mwenyewe.

Hakusubiri jibu. "Shika hapa," aliniambia, "maji yanapita." Nikainama, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili. Udongo ulikuwa wa baridi, na nyuma yake nilisikia uzito wa maji ukisukuma. Barabarani, gari la kurudi Same likapiga honi.

"Nenda," alisema. "Litakuacha."

Nikaachia.