Karatasi ya Mkono wa Koti
Nilipofika Minnesota, Marekani, nilikuwa tayari fundi cherehani. Nyumbani Morogoro nilishona sare za shule na magauni ya harusi kwa miaka tisa. Lakini kazi niliyoipata huku ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani, na kwa vipindi viwili vya baridi nilikwenda kitongoji cha Hopkins kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa bibi mmoja Mzungu aliyeishi peke yake. Nilimwogesha, nikampa dawa, nikampikia uji.

Siku moja aliniona nikimshonea kifungo, akaniuliza nani alinifundisha. Tangu hapo tukawa watu wa kazi moja. Yeye zamani alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha makoti mjini Minneapolis. Alitoa kabatini karatasi ya kukatia mkono wa koti, imegeuka rangi ya chai, pamoja na kipande kingine kidogo cha karatasi, cha pembe nne.

"Hiki kinakaa kwapani," alisema. "Mwanamke ashike bomba la basi bila koti zima kupanda juu."

Ubunifu ulikuwa wake. Koti liliuzwa nchi nzima, na shingoni likashonwa jina la mwenye kiwanda.

Jioni nilikuwa nasomea ubunifu wa mavazi chuoni. Mwalimu wetu akatutaka tuandike habari za mwanamke aliyechangia historia ya mavazi ya Marekani. Wenzangu walichagua waliomo vitabuni. Mimi nilimwandika bibi.

"Umejuaje kama ni kweli?" mwalimu aliniuliza. "Niletee ushahidi."

Wakati huo bibi alishaanza kusahau. Kuna asubuhi aliniuliza mimi ni nani. Nikaona nikimwomba ile karatasi atakataa, au atakubali kisha asikumbuke. Basi Ijumaa, alipokuwa amesinzia kitini, niliichukua nikaiweka katikati ya daftari langu. Nilijiambia kwamba Jumatatu, nikishaitoa kopi, itakuwa imerudi kabatini.

Jumapili akaitafuta. Mpwa wake, mama mtu mzima aliyekuja kumtembelea, alimkuta ameketi sakafuni, vitu vya kabati zote vimemwagwa chini, analia kwamba kiwanda kimemwibia tena.

Jumatatu mpwa huyo ndiye aliyenifungulia mlango. Nilitoa karatasi kabla hajaniuliza neno. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, kisha akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

"Wao ndio waliokutuma?" akaniuliza.

Nilimwambia hapana, hakuna aliyenituma. Hakunisikia. Aliibana karatasi kifuani mpaka ikakunjika.

Mchana niliitwa ofisini kwa kampuni iliyoniajiri, Saint Louis Park. Msimamizi wangu, Mkenya, alikuwa mwema kwangu siku zote.

"Dada, niambie ukweli. Ulichukua kitu ya mteja?"

"Nilichukua. Nilitaka watu wamjue."

"Sawa. Ulimuuliza?"

Nilikuwa na maneno mengi tayari, lakini swali lake lilikuwa moja tu.

Hakunifukuza kazi. Alinihamishia kwa mzee mwingine, akanikataza kurudi Hopkins. Chuoni niliichana insha yangu, nikaandika nyingine kuhusu mwanamke maarufu ambaye habari zake nilizitoa vitabuni kwa siku mbili. Mwalimu aliisifu mbele ya darasa. Nilikaa pale nikiona aibu, kwa sababu bibi sasa alikuwa hayumo popote, hata katika karatasi zangu.

Mwaka uliofuata nikasikia amepelekwa kwenye nyumba ya wazee huko Woodbury. Nilimpigia simu mpwa wake nikaomba nikamsalimie, hata kwa dakika tano.

"Sina kinyongo nawe," alisema taratibu. "Lakini akisikia nyayo mlangoni anaficha vitu vyake chini ya godoro. Tafadhali, usije."

Sikwenda.