Waliniita Daktari wa Kofia

Mwaka juzi, Jumamosi asubuhi, mwanamke mmoja alinifuata mpaka ninapopanga, mtaa wa Katubuka, akiwa na jogoo mwekundu kwapani.

Alikuja kunishukuru kwa kumponya kifafa.

Mimi si daktari. Sijawahi hata kumchoma mtu sindano. Nimesomea kompyuta, nikaishia kufungua kibanda cha kutengeneza simu Ujiji, jina langu Sefu, wanaonijua wananijua.

Haya ninayoandika nimeyakalia muda mrefu. Mtaani kwetu, mke wangu Lulu ndiye pekee anayeyajua yote, na hata yeye mwanzoni nilimpa nusu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kuna chuo kimoja, sikitaji, kilikuwa na utafiti wa kujenga ubongo wa bandia ndani ya kompyuta. Usifikirie roboti la kwenye sinema. Hii ni programu inayojaribu kuiga jinsi seli za ubongo zinavyopeana habari.

Sasa wenzetu walikuwa na swali. Mtu aliyekua akiongea Kiha nyumbani na Kiswahili sokoni, ubongo wake unarukaje kutoka huku kwenda kule? Ili kompyuta ijifunze kuiga hilo, ilibidi kwanza ipewe bongo za watu wa kweli iziangalie.

Ndipo ikaja kofia.

Ni kofia ya kitambaa, imeshonewa vifundo vya waya. Unamvisha mtu, unampaka jeli kichwani, anasikiliza maneno ya Kiha na ya Kiswahili, na kompyuta inarekodi umeme mdogo wa ubongo wake. Nusu saa, kwisha. Haiumi. Na haitibu kitu chochote.

Walitafuta kijana wa hapa anayejua kompyuta na Kiha kidogo. Kiha changu cha Ujiji kinachechemea ila kinafika. Nikapata.

Bosi wetu alikuwa Dokta Frida, mama mfupi asiyetaka mzaha kazini. Tukiwa kwenye boti kutoka Kibirizi kwenda kijiji cha Mwamgongo akaniambia, "Sefu, fomu ya ridhaa unaisoma yote, hata kama mtu anapiga miayo. Huahidi kitu. Na mwenye kifafa unamshukuru, unamwacha aende."

"Kwa nini tusimchukue?"

"Umeme wa ubongo wake ni tofauti, utaichanganya programu. Halafu mgonjwa akikuona na waya atategemea tiba. Sisi hatuna tiba."

Nikaitikia vizuri tu.

Mwamgongo wakatugomea. Maneno yalikuwa yameshazagaa kwamba tumekuja kunyonya akili za watu tukazitie kwenye kompyuta. Siku tatu tulipata watu wanne, na mmoja wao alivua kofia katikati akakimbia na jeli yake kichwani.

Siku ya nne Dokta Frida akaitwa kikaoni mjini, wiki nzima. Akaniacha na vifaa. "Ukipata hata kumi nitafurahi," akasema.

Kumi? Mimi nilitaka arudi akute sitini. Nilikuwa nimechoka kuwa fundi simu. Nilitaka siku moja jina langu liwekwe kwenye karatasi za wasomi.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Oswald, mtu anayesikilizwa sana pale kijijini. Akaishika kofia, akaigeuzageuza.

"Kijana, hiki kitu kinatibu nini?"

Jibu lilikuwa neno moja tu. Hakuna.

Nikasema, "Inasaidia mambo ya kichwa, mzee."

Akakaa. Nikamvisha. Kesho yake akazunguka kijiji kizima akitangaza kwamba kichwa kilichokuwa kinamgonga tangu mwaka jana kimetulia.

Ndugu zangu, ile foleni! Mchana wakinamama waliacha dagaa mchangani wakaja. Wenye kipandauso, wenye kukosa usingizi, hata mmoja aliyekuwa anaumwa jino.

Dokta Frida alikuwa ameacha koti lake jeupe mgongoni mwa kiti.

Nikalivaa.

Kuanzia hapo nikawa Daktari. Sikumwambia mtu aniite hivyo. Lakini pia sikumsahihisha hata mmoja, na fomu nikawa nasoma mstari wa juu na wa chini.

Siku mbili baadaye akaingia mama wa miaka arobaini hivi, kanga yake inanukia mawese. Jina lake Verediana. Alisubiri wenzake watoke, akaniinamia sikioni.

"Daktari, hata ugonjwa wa kuanguka?"

Nilimwelewa vizuri. Kwenye fomu kulikuwa na swali limeandikwa kwa herufi nzito: je, una kifafa? Na nje watu walikuwa wamejipanga, ukimkataa mmoja wanaanza kunong'ona upya.

"Tujaribu tu, mama. Mungu ni mwema."

Nikaandika: Hapana.

Dokta Frida aliporudi akakuta watu sitini na tatu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Baada ya wiki kadhaa, kule chuoni, ubongo wao wa kompyuta ukaanza kubahatisha sawasawa kama mtu amesikia neno la Kiha au la Kiswahili. Jina langu likasomwa kikaoni. Mimi nikatembea mjini kifua mbele, kila anayekaa kibandani kwangu lazima asikie habari za ubongo wa bandia.

Ikatimia miezi miwili tangu tutoke Mwamgongo. Ndipo Verediana akaja na yule jogoo.

"Mwakeye, Daktari!" alinisalimia kwa sauti ya furaha, mpaka Lulu akatoka kuchungulia. "Tangu ile kofia yako sijaanguka. Hata mara moja! Mimi niliyekuwa naanguka mbele za watu kanisani."



"Vidonge nimeacha kumeza wiki ya pili sasa," akaendelea. "Nimeviweka juu ya kabati. Mume wangu anasema nisivitupe mpaka nikuulize. Nivitupe?"

Hapa ndipo penyewe, msomaji wangu. Nimepewa nafasi, mchana kweupe, mlangoni kwangu, na aliyeniuliza ni mhusika mwenyewe. Nilichotakiwa kusema kilikuwa: mama, rudi umeze dawa leo hii, hizo ndizo zilizokuwa zinakuzuia kuanguka, mimi nilikudanganya.

Lakini Lulu alikuwa ananitazama kwa macho ya kujivunia mumewe.

Nikasema, "Mama, mwili wako unaujua mwenyewe."

Akacheka, akapiga goti kidogo kwa heshima, akanikabidhi jogoo. Mchana tukala na ugali. Lulu akaniambia, "Kumbe kazi yako ina thawabu hivi." Nikatafuna.

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu na nesi wa hospitali moja pale mjini.

"Wewe ndiye Daktari Sefu?"

"Sefu ndiyo."

"Kuna mgonjwa wako hapa, ameungua. Anakataa dawa mpaka akuone."

Nikafunga kibanda, nikaenda.

Verediana alikuwa amelala ubavu. Mkono wa kulia umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alikuwa anachemsha mawese nyuma ya nyumba, akaangukia jiko. Mume wake, Pastory, mvuvi mmoja mrefu asiye na maneno mengi, ndiye aliyemvuta. Na yeye viganja vyake vilikuwa vimepakwa dawa.

Aliponiona, yule mama akatabasamu. Alitabasamu, jamani.

"Daktari umekuja. Nguvu ya kofia imeisha. Nivalishe tena."

Nesi akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Sikuwa na koti siku hiyo. Nilikuwa na fulana ya kampeni na bisibisi mfukoni.

"Nikuone nje," nikamwambia Pastory.

"Sema hapa hapa," akajibu. "Kofia ulimvalisha yeye."

Basi nikasema. Kwamba mimi ni fundi simu. Kwamba kofia ile inarekodi tu, kwa ajili ya kompyuta inayofundishwa kuiga ubongo wa mtu. Kwamba nilijua anaumwa nikaandika haumwi. Kwamba aliponiuliza kuhusu vidonge nilijua jibu.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kusikiliza.

Verediana hakulia. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Nilikuuliza," akasema taratibu. "Nilipanda boti nikaja mpaka kwako, nikakuuliza."



Pastory akasema, "Mimi nilimwambia kofia haiwezi kutibu. Akaniambia, 'Daktari nimemweleza nimeacha vidonge, hakunikataza, na kuku wetu amempokea. Mtu mwongo angepokea kuku?'"

Nilitamani sakafu ipasuke.

Kabla sijatoka nilimwomba Verediana ameze dawa za hospitali. Akageukia ukutani. Alimeza nesi alipompa, mimi nikiwa nimeshafika mlangoni.

Kesho yake nikamfuata Dokta Frida ofisini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza, "Alikuwa mtu wa ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akafungua kompyuta yake, akatafuta. Kisha akaigeuza skrini nione.

Yalikuwa mazungumzo yetu ya ujumbe. Ya wiki moja tu baada ya sisi kutoka Mwamgongo, mwezi mmoja na nusu kabla ya jogoo.

Yeye: "Sefu, programu imemtenga mtu namba 41. Inasema umeme wake una miruko isiyofanana na wengine. Kwa macho yangu inafanana na kifafa. Ulimuuliza vizuri? Kama ni mgonjwa nataka tumpeleke kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mradi wetu utagharamia."

Mimi: "Hapana Dokta, kofia ililegea tu. Futa."

Wallahi nilikuwa nimesahau. Ujumbe ule niliujibu nikiwa kibandani huku nabadilisha kioo cha simu ya mteja. Sekunde tano.

Kumbe ule ubongo wa bandia, mchanga vile, uliokuwa haujui hata kutofautisha maneno vizuri, ulikuwa umeshaona ugonjwa wa yule mama. Ukasema. Dokta akasikia, akauliza. Msaada ulikuwa unakwenda Mwamgongo.

Aliyeuzuia ni mimi, mwenye ubongo wa kuzaliwa nao.

Dokta Frida alifuta watu wote sitini na tatu, maana hakukuwa na namna ya kujua ni nani alidanganywa kiasi gani. Kazi ya karibu miezi mitatu, programu ikaanza kufundishwa upya kutoka sifuri. Mimi nilifukuzwa, na nilistahili. Lakini kabla ya barua akanipandisha boti twende Mwamgongo, nikasimame mbele ya kijiji nikaseme mwenyewe.

Nilisema. Wengine walizomea. Mzee Oswald alisimama akaondoka bila kunitazama, na hilo liliniuma kuliko zomeo lote.

Verediana alikuwepo, mkono umekunjwa kifuani. Leo anatibiwa na yule bingwa, vidonge amebadilishiwa, na Pastory aliniambia amemaliza miezi saba bila kuanguka. Vidole viwili vya mkono ule havinyooki tena. Dagaa anaanika kwa mkono wa kushoto.

Mkutano ulipoisha nilimsogelea. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

Akasema, "Bado."

Halafu akaongeza, "Ila umesema mbele za watu. Nimesikia."

Nilirudi na boti ya mchana nimekaa kwenye magunia mpaka Kibirizi.

Siku hizi kibandani kwangu vijana huniuliza kama kompyuta zenye akili zitakuja kutuangamiza. Kuhusu hilo mimi sijui. Ninachojua ni kwamba ile ya kwetu ilisema ilichokiona, ikakosa mtu mkweli wa kuijibu.

Wewe unayesoma hapa, mtu akikupa cheo usichokuwa nacho, kikatae hapo hapo, mchana huo huo, hata kama mkeo anakutazama. Ukikinyamazia siku moja, kesho yake atakuja mtu kukuuliza kuhusu uhai wake.

Nami bado nalisubiri lile "bado" la Verediana liishe. Sijui kama litaisha. Sina haki ya kumharakisha.