Msiba wa Mfaransa Uani Kwangu Kihesa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na mkokoteni wa viazi Uyole, darasa la saba sikulimaliza, leo nina malori matatu ya mbao na nyumba Kihesa. Kwa hiyo alipoletwa kwangu mwongozaji wa filamu kutoka Ufaransa, sikubabaika.

Mkalimani wake alinieleza maisha yake kama anayesoma wasifu wa marehemu: miaka arobaini kazini, filamu kumi na tatu, tuzo, wake watatu. Nikauliza filamu zinahusu nini. "Ukimya," akasema. Akanionyesha moja. Mwanamke anamenya viazi vitatu, dakika ishirini nzima! Kwetu Uyole angefukuzwa kazi.

Sasa Mfaransa alitaka kupiga filamu ya msiba, na uani kwangu palimpendeza. Nikakubali bila kumuuliza mtu. Kwangu naomba ruhusa kwa nani? Asubuhi tukafunga turubai, tukapanga viti, moto ukawashwa, wanawake wanne wa kukodi wakaketi mkekani.

Kihesa watu wakiona turubai hawangoji tangazo. Saa nne walikuwa wamejaa, unga na maharage kichwani, kwaya ya kanisani nyuma yao. Jirani yetu mjane akamwangukia mke wangu akilia.

"Pole, dada. Nani ametutoka?"

Mke wangu akanitazama mimi.

"Hajafa mtu, mama," nikasema. "Ni filamu ya huyu mzungu."

Mzee mmoja akavua kofia, akaivaa tena. "Sawa, tajiri. Siku yako ikifika tutajuaje kama ni kweli? Utajizika mwenyewe na malori yako."

Watu wakaanza kubeba unga wao. Hapo nikawazibia njia, maana hapa mtu asiyezikwa na majirani ni sawa na mbwa. Na yule Mfaransa? Anamnong'oneza mkalimani: wasimame hivyo hivyo, wasitazame kamera!

"Mwambie azime," nikasema, "au naipitishia lori."

Kisha mimi, nisiyeomba, nikaomba radhi mbele ya kwaya. Wazee wakajitenga, wakarudi na neno moja: aliyeita watu msibani awalishe. Nikachinja ng'ombe. Mjane ndiye aliyepakua. Mfaransa alikula sahani mbili, akanishika mkono, akaondoka.

Ng'ombe, mchele, mafuta, viti na soda za kwaya: shilingi milioni moja, laki tisa, arobaini na tatu elfu na mia tano.