Kanopi Barazani

Shemeji yangu alisema tuilaze kanopi kwenye baraza ya pembeni, nami nikakubali. Laiti ningekataa.

Alikuwa amepata kazi ya kuezeka nyumba za wageni kule Diani, akanijia Msambweni kuniomba pikapu kwa wiki mbili. Makuti hayaingii chini ya kanopi, lile paa la kufunika nyuma ya pikapu. Hupangwa mpaka yapite kichwa cha gari, ndipo yafungwe kamba. Kanopi ile niliinunua zamani nilipokuwa nikisambaza mikate madukani, mvua isije ikanilowanishia mzigo. Tangu niache kazi hiyo ilikuwa ikibeba upepo tu, lakini niliipenda. Vioo vyake vilikuwa vizima na rangi haikuwa na mkwaruzo.

Tuliifungua asubuhi. Nililegeza nati sita kwa spana, nikachomoa waya wa taa ya nyuma, nikabandua mpira uliokuwa umegandana na bodi kwa jua la miaka mingi. Wakaja majirani wawili, kila mtu akashika pembe yake. Ilipokuwa mikononi mwetu ndipo tukaanza kuulizana iwekwe wapi. Kiwanja changu chote ni minazi, na nilihofia nazi ikidondoka ingeipasua. Pahali penye paa na pasipo mnazi palikuwa pamoja tu, pale barazani, wanapokaa wanawake.

Kila baada ya sala ya adhuhuri, wenzake mke wangu watano au sita walikuwa wakija pale kusuka ukili wa mikeka. Walianza watoto wetu wakiwa wachanga. Goti la mke wangu lilipoharibika hawakukosa hata siku moja, kwa kuwa yeye hakuweza tena kuwaendea.

Alitoka ndani mwenyewe na mkeka mkuukuu, akautandika sakafuni ili kanopi isikwaruzike.

"Wiki mbili si kitu," alisema.

Wiki mbili zikaisha, shemeji akapata nyumba nyingine ya kuezeka, na baada ya hiyo nyingine tena. Mimi nikawa nasema acha amalize hii. Kuirudisha kanopi kulitaka wanaume wanne, nami niliona haya kuwaita watu Ijumaa kwa kitu ambacho huenda kingefunguliwa tena Jumatatu. Nikainunulia turubai, nikaifunika.

Siku za mwanzo wale wanawake walikaa kwenye ukanda uliobaki, magoti kwa magoti, migongo ikigusa turubai. Kisha wakashuka chini uani, jua likawa linawafukuza kutoka kivuli hadi kivuli. Mkubwa wao, ambaye mpaka leo namwamkia shikamoo, alinikuta siku moja nikikaza kamba.

"Shemeji, huyu mke wa pili uliyemlaza hapa ukamfunika shuka, ataamka lini atupishe?"

Wenzake wakacheka. Nilimjibu kwamba bibi huyo ni mgeni, bado hajazoea kuamka mapema. Wakacheka zaidi, nami nikaenda zangu nikiona nimejibu vizuri.

Mwezi haukuisha wakahamia nyumba moja ng'ambo ya msikiti. Mke wangu aliwafuata mara mbili kwa bodaboda. Mara ya pili goti lilivimba alipokuwa akishuka, na hakwenda tena. Akawa anakaa peke yake kwenye ule ukanda, ukili mapajani.

Mimi sikuweza kutulia. Kila alasiri nilikuwa nikitoka, nakaza kamba ambazo hazikulegea, nalisikiliza turubai likipigwa na upepo. Nilihesabu hatua kutoka mkorosho hadi banda la kuku, nikaona kanopi ingeenea hapo, nikarudi nikakaa, nikainuka tena. Siku moja nililifunua turubai, na nilipokuwa nikiufuta upande mmoja wa vioo nilimwona mke wangu kupitia vioo vya upande wa pili, ameinama, midomo imefumba. Zamani mikono ile haikufanya kazi bila mdomo kufanya kazi pia.

Aliinua macho. "Baba watoto, kitu hiki kitaondoka lini?"

"Wiki ijayo, inshallah."

Alinyoosha ukili wake, akaupima kwa mkono hadi mwisho. "Usimtaje Mungu kwa jambo usilolitaka," alisema.

Nilikunja kitambaa nikaenda kununua sukari, nayo sukari ilikuwamo ndani.

Wiki iliyofuata shemeji alikuwa na mzigo mwingine wa makuti.

Mke wangu alifariki kwa presha, mwezi wa kumi na moja tangu tuilaze kanopi pale. Wanawake waliokuja matangani walikuwa wengi na pa kukaa hapakuwapo. Wanaume wanne, bila kuambiwa na mtu, waliondoa turubai, wakashika pembe, wakaipeleka kanopi chini ya minazi. Ilikuwa kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Ule mkeka ulikuwa umeliwa na mchwa, ukakwanguliwa sakafuni kwa jembe. Kisha wenzake wakaingia, wakakaa pale pale walipokuwa wakikaa. Yule mkubwa wao alinipa mkono wa pole na hakunitania.

Shemeji alinirudishia gari baada ya arobaini. Sikuirudisha kanopi juu yake. Bado iko chini ya minazi, na nazi hudondoka kuizunguka. Moja iliigonga mwaka huu. Iliacha kibonyeo kidogo kama cha kidole gumba, basi.

Kwa kukubali kwangu siku ile, mke wangu aliishi miezi yake ya mwisho bila wenzake. Nilikuwapo nyumbani, nilimwona, na siku yoyote kati ya hizo ningeweza kuwaita wanaume wanne.